Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Ndoo Hazikujaa

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikiwa sina la kueleza, maana beri zilijieleza zenyewe. Mwaka huu mambo yamekuwa tofauti. Vichaka vya bilberi, zile beri ndogo nyeusi za mwituni, vilivyotuzoesha kuinama asubuhi hadi jioni vilizaa kwa kubahatisha, na waliokwenda mabondeni walirudi na ndoo zinazogonga. Maswali yaliyonifikia tangu msimu ufungwe karibu yote ni swali moja: kiangazi kilikuwa kizuri, jua liliwaka, mvua haikutukimbia, beri zimekwenda wapi?

Ndugu zangu, tatizo ni kwamba sisi huanza kuangalia mambo yakiwa yamekwisha. Tumba la ua la bilberi huundwa kiangazi cha mwaka uliotangulia. Kwa hiyo hesabu ya mwaka huu ilianza kuandikwa wakati ule tunasherehekea. Kichaka kilichobeba mzigo mkubwa hutumia akiba yake kukomaza matunda, na mara nyingi hubaki na kidogo cha kuundia matumba mapya. Rasberi mwitu nazo zina mwendo wa aina hiyo: shina huota mwaka wa kwanza, huzaa wa pili, kisha hufa. Ukifyeka mashina machanga leo, umejinyima mavuno ya mwakani.

Kisha ikaja baridi. Wengi wetu hatuipendi theluji, lakini kwa kichaka kifupi ni blanketi. Safari hii ilikuwa nyembamba, ikayeyuka mapema, na joto la siku chache likavidanganya vichaka vikafungua maua. Usiku uliofuata anga likawa tupu bila wingu, upepo ukatulia, jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikashuka.

Asubuhi yake nilikwenda bondeni pamoja na Katibu. Kwa mbali hukuona dosari: stroberi mwitu zilikuwa zimechanua, petali nyeupe safi. Tulipopiga magoti tukakuta kila ua lina jicho jeusi katikati. Petali zilikuwa hai, lakini pale linapotungwa tunda palikuwa pamekufa. Tukahamia kwenye bilberi, nikapasua kwa ukucha maua yake, yale yanayofanana na vikengele vidogo. Ndani kahawia tupu. Katibu hakusema kitu, akaandika tarehe tu. Tulipopanda mteremkoni, hatua zisizo nyingi kutoka pale, maua yalikuwa mazima. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku hutiririka kama maji ikajaa mabondeni. Hii ndiyo sababu ndugu wa mteremkoni walipata kitu na wa bondeni hawakupata, wala si kwamba kuna aliyewatangulia usiku. Naomba maneno hayo yaishie hapa.

Hata mteremkoni, hata hivyo, beri zilikuwa ndogo, na hilo lina chanzo chake. Ukubwa wa bilberi hufuata wingi wa mbegu zilizotungwa ndani yake, na mbegu hutegemea wadudu. Chavua ya ua hilo imo ndani ya vifuko vyenye vitundu, haipeperushwi kirahisi na upepo. Nyuki wakubwa wenye manyoya hung'ang'ania ua, hutetemesha mwili kwa mvumo unaosikika, na chavua humwagika. Hao hustahimili ubaridi kuliko nyuki wa mizinga, lakini mvua mfululizo huwazuia hata wao. Maua yetu yalichanua katika mvua. Nilikaa saa nzima kando ya kichaka kimoja nikisubiri mvumo huo, nikasikia matone tu.

Klaudiberi, beri nyingine tunazochuma kinamasini, zina kisa chao. Mwanachama mmoja, simtaji ila anacheka pale nyuma, alifunga utepe kwenye eneo lililojaa maua akaja kuvuna baadaye, asikute hata tunda moja. Mmea huo una jike na dume mbalimbali, naye alikuwa amewekea alama uwanja wa madume watupu. Hapo msituulize habari za hali ya hewa.

Sasa nije kwenye ubora, kwa sababu huko hatukuanguka. Chache tulizopata zilikuwa nyeusi tititi, zikiacha rangi vidoleni siku mbili, na tamu kuliko za mwaka wa neema. Kichaka chenye matunda machache hugawa sukari kwa wachache. Halafu tulijaliwa siku angavu na usiku wa ubaridi wakati wa kuiva: mchana majani hutengeneza sukari nyingi, na usiku wa baridi mmea hautumii sana sukari hiyo. Mwanga nao huchochea antosiani, zile rangi za zambarau na bluu. Beri ya kivulini hubaki hafifu. Lakini msitu ukifyekwa wote nako ni hasara. Eneo moja tulilozoea kuchuma lilikatwa miti yote, na bilberi zenye mizizi ya juujuu zikakauka kwa jua. Kinachozifaa ni msitu ulio wazi kiasi, ambamo jua hupenya na udongo hubaki na unyevu.

Nina lawama moja. Wapo waliochuma mapema kwa hofu ya kukosa, beri zikiwa bado na wekundu. Ikishachumwa haiongezi sukari, hata uiweke dirishani. Na waliochuma mara tu baada ya mvua walileta beri zilizojaa maji, ambazo ukungu ulizipata kabla ya siku ya tatu. Ngojeni zikauke.

Fedha za chama ziko salama. Mweka Hazina atasoma hesabu zake mwenyewe, sitamwingilia.

Kamati inaleta pendekezo moja tu. Daftari tulizogawa mwaka jana zilirudi chache mno, na nyingi zina uzito wa ndoo peke yake. Uzito unatuambia tulichopata, hautuambii kilichotokea. Tunaomba kila mwanachama achague kichaka kimoja asichokihama, aandike siku theluji ilipoondoka, siku ua la kwanza lilipofunguka, usiku wa jalidi, na kama aliona nyuki. Mwezi wa kuchanua, pasueni maua kumi mhesabu yaliyokufa ndani, ukucha unatosha. Daftari mpya ziko kwa Katibu, na anayetaka penseli badala ya kalamu aseme mapema, kwa sababu wino wa mwaka jana ulifutika wote kwa mvua.