Mtoto bado hajatembea? Mwacheni jamani, muda wake upo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na kina mama wenzangu, na kina bibi, mawifi, na majirani wote wa hapa Tanga ambao wakiona mtoto mdogo swali la kwanza ni "ana miezi mingapi huyu?" na la pili linafuata hapo hapo, "na bado hajasimama?" Mimi ni mama mkubwa wa binti wa miezi 11, mdogo wangu ndo kamzaa, uzazi wake wa kwanza, na naandika kwa sababu naona anakoseshwa raha ya mwanae na watu ambao wala hawamtakii mabaya.

Juzi juzi nilimsindikiza kliniki. Pale kwenye benchi mnajua mambo yalivyo, watoto wameshavuliwa nguo wanasubiri kuvalishwa kile kikaptula cha kuning'inizia kwenye mzani, kila mama kashika kadi yake lakini macho yako kwenye kadi ya mwenzie, wako kilo ngapi, wangu tisa na nusu, huyu wangu na miezi saba tu alishasimama dede. Sasa binti yetu yeye hatambai, anasota. Anakaa kitako, mguu mmoja anaukunja chini ya paja, mwingine anaukanyagia mbele, anajivuta hivyo hivyo mpaka anafika anakotaka, na akishafika anageuka kukutazama kama umemuona. Mimi nimejaa furaha pale, mara mama mmoja akadakia, mh, huyu mpelekeni akaangaliwe, mtoto wa miezi hiyo anasota? atalemaa huyo! Mdogo wangu njia nzima kwenye bajaji hakusema neno. Usiku nikamkuta na simu anapitia status za watu, mtoto wa fulani katembea na miezi kumi, makopakopa kibao, hongera mama, akaniuliza, "Dada, kweli mwanangu mzima?"

Mzima kabisa, na sisemi kwa kumfariji. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya watoto 816 waliofuatiliwa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote watoto wenye afya nzuri, na angalieni walivyopishana. Kukaa bila kushikwa wapo walioanza hata miezi minne haijatimia na wapo waliofika miezi 9. Kutambaa ni kuanzia miezi 5 mpaka 13 na nusu. Kusimama peke yake bila kushika kitu ni karibu miezi 7 mpaka karibu 17, na kutembea mwenyewe ni miezi 8 mpaka 17 na nusu. Yaani huyu anatembea na miezi 9 na yule na miezi 17 na wote wawili wako sawa, hakuna aliyechelewa hapo! Na hili ndo nililomsomea mdogo wangu mara mbili: karibu watoto 4 kwa kila 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa, walipita njia zao nyingine na wakasimama na wakatembea kama wenzao.

Na kama mtoto ni njiti hesabu yake inabadilika, inaanzia siku aliyotakiwa azaliwe, sio siku aliyozaliwa. Aliyewahi miezi miwili, leo akiwa na miezi 10 mhesabu kama wa miezi 8. Mama wa njiti ameshahangaika vya kutosha, sasa hapo anakutana na mtu anamwambia mwenzie aliyezaliwa naye mwezi mmoja anakimbia, inauma sana.

Kinachonitisha zaidi ya maneno ni yale watu wanayoyafanya ili mtoto awahi. Maziwa hayamtoshi huyu, mwanzishieni uji, na mtoto ana miezi mitatu, wakati tunaambiwa kila siku kliniki ni maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita. Wengine wananunua woka, kile kiti chenye magurudumu, wakiamini miguu itakaza, wakati hakimfundishi kutembea na kinamfikisha haraka kwenye hatari, na majumbani kwetu jiko la mkaa liko chini na sufuria inatokota juu yake. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004.

Halafu meno. Jino la kwanza mara nyingi linatoka kwenye miezi sita hivi, ila kuna watoto wanatimiza mwaka wana fizi tupu na hawana tatizo. Yakianza ya juu, wazee wetu walisema kigego, mkosi, na mpaka leo kuna nyumba mama anafichwa ndani kwa aibu kwa ajili ya vijino viwili! Mtoto hana kosa wala mama hana kosa. Lakini baya kuliko yote ni hili la meno ya plastiki, mtoto anaharisha, ana homa, mtu anampapasa fizi anasema ana meno ya plastiki apelekwe akatolewe. Jamani kinachotolewa pale ni jino lake la kweli ambalo bado halijakomaa ndani ya fizi, linachokonolewa na chuma ambacho hujui kilitoka kwa nani, mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi na kufa nayo. Na kuharisha kwenyewe kumeachwa bila dawa. Mpeni ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na zinki, mwahini zahanati, fizi ziacheni.

Sisemi mama akae tu asiangalie. Shingo haijakaza na mtoto ana miezi minne, miezi 9 imefika hawezi kukaa mwenyewe, miezi 18 hajatembea, mwili umekakamaa sana au umelegea sana, anatumia mkono mmoja tu mwingine kauacha, hashtuki hata sufuria ikianguka, hapo nenda na usisubiri. Na kubwa zaidi, mtoto aliyekuwa anafanya kitu akaacha, alikuwa anakaa sasa hakai, alikuwa anaita baba sasa kanyamaza, huyo apelekwe mara moja awe na umri wowote. Chanjo ya surua na rubella ni miezi 9 halafu miezi 18, ni nafasi nzuri ya kumuuliza nesi, mwanangu anafanya hiki, hiki hafanyi, na jibu la nesi litakusaidia kuliko la benchi zima.

Nje ya hapo naomba tuwaache kina mama wafurahi maana kuna mambo mazuri yanapita hivi hivi kwa sababu hakuna anayeyauliza. Mtoto mchanga akitabasamu usingizini tunasema anacheka na malaika, sasa ukingojea kidogo, arobaini ikitoka tu, kwenye wiki ya sita hivi, anakutazama usoni akiwa macho kabisa anakuchekea wewe, hiyo ni hatua kubwa jamani! Hakuna anayeiweka status. Binti yetu siku hizi anaokota punje ya wali kwenye mkeka kwa kidole gumba na cha shahada, anaigeuza, anaichunguza, halafu anamlisha mama yake. Wiki nzima mdogo wangu aliliona hilo na hakulifurahia kwa sababu akili yote iko kwenye miguu, mpaka nikamwambia tazama vidole vya mwanao, vile vidole haviwezi kufanya hivyo kama kichwa hakifanyi kazi.

Baba yake naye nimemsema. Akirudi kazini jioni alikuwa anamsimamisha mtoto ukutani, twende, twende, na mtoto analia. Sasa anakaa naye chini mkekani, wanasukumiana kifuniko cha kopo, na mtoto mwenyewe siku hizi anashika goti la baba yake ananyanyuka kidogo, anakaa, ananyanyuka tena, kwa raha zake bila mtu kumlazimisha.

Sasa ombi langu kwako mhariri. Chapisheni hiyo miezi kwenye jedwali la Kiswahili chepesi, kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea, kuanzia mwezi gani mpaka mwezi gani, na zile dalili za kumuwahisha mtoto chini yake, maandishi yawe makubwa ili mtu akate abandike ukutani. Na manesi wetu, najua foleni ni ndefu na mko wachache, ila mkishampima mtoto mkamwambia mama yake "huyu anaendelea vizuri" kwa sauti na benchi zima likasikia, mtakuwa mmemsaidia sana.

Mama Mkubwa,
Makorora, Tanga