Barua kwa Mwanangu: Wanawake Walioketi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumamosi, nami nimekwisha kuisoma mara tatu. Unaniuliza kama ni kweli alivyosema mwenzako darasani, kwamba zile sanamu nne za Wangechi Mutu zilikuwa pambo la ukuta tu, na kwamba sanaa inayozungumzia hali ya mwanamke wa leo haina budi kupaza sauti ndipo isikike. Sikubaliani naye hata kidogo.

Anza na huo ukuta wenyewe. Upande wa mbele wa Makumbusho ya Sanaa ya Metropolitan, kule New York, ulikamilika mwaka 1902 ukiwa na vishubaka vilivyokusudiwa kuwekwa sanamu, lakini vikabaki vitupu kwa miaka 117, hadi Septemba 2019, alipokabidhiwa nafasi hiyo msanii aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1972. Humo akaweka wanawake wanne wa shaba, wameketi.

Kuketi huko ndiko kulikonigusa. Wagiriki wa kale walichonga nguzo kwa umbo la mwanamke aliyejitwika paa la hekalu, na Waluba wa Kongo walichonga viti vya watawala vinavyoinuliwa na mwanamke kwa kichwa na mikono yake. Ni kazi nzuri ajabu, zote mbili, lakini ndani yake mwanamke ni mhimili wa heshima ya mwingine. Mutu alizifahamu vyema mila hizo, kisha akamtua mwanamke yule mzigo. Wanawake wake wamejifunga mavazi yaliyojiviringisha mwilini mizunguko kwa mizunguko, mgongo umenyooka, na juu ya vichwa vyao hakuna paa wala kiti cha mtu. Badala yake kila mmoja ana kisahani kilichosuguliwa hata kikang'aa kama kioo. Mmoja anacho mdomoni, akitukumbusha mapambo ya midomo ya wanawake wa hadhi katika baadhi ya jamii za Afrika, na mwingine anacho kwenye paji la uso.

Nilipoiona picha ya huyo wa mwisho, machozi yalinitoka. Wewe ulimjua nyanya yako akiwa mzee, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, kwa hiyo huenda hukuwahi kuliona lile bonde jembamba lililokata paji lake kutoka upande mmoja hadi mwingine, mahali ulipokaa ukanda wa ngozi aliobebea kuni na mitungi ya maji tangu alipokuwa msichana mdogo. Nikiwa mtoto nililala mapajani pake nikipitisha kidole humo, nikiamini kwamba kila mwanamke huota alama hiyo akishazaa. Pale pale palipochimbwa na ukanda, Mutu ameweka kitu kinachopokea mwanga wa jua.

Katika insha yako usimwache nje Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kuanzia 1950 hadi 1952. Alirudi nyumbani akafundisha shule kwa miaka mingi, na alikuwa ameshakuwa mtu mzima sana alipojitoa kwa sanaa yake, akibandika vipande vya karatasi za kufungia sabuni na vyakula mpaka vikawa watu na wanyama wa kijijini. Hebu fikiria miaka yote hiyo ya katikati, na ni wangapi waliosomea kazi hiyo hiyo wakazikwa bila kuirudia.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea picha ya nyanya yako, iliyopigwa studio mjini Nyeri kabla sijaolewa. Iweke kando ya ile ya sanamu kabla hujaanza kuandika. Ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Nilikuwepo siku hiyo. Mpiga picha alimwomba avute kitambaa chini kidogo ili ile alama isionekane, naye akakivuta juu.

Mama yako akupendaye