Kabla hamjakodi Coaster: barua ya wazi kwa familia changa za jumuiya yetu

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, sisi majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, mlinivuta pembeni mkaniuliza nina maoni gani juu ya ule mpango wenu wa kukodi Coaster kila Jumapili muwe mnakwenda kusali mjini. Nilijibu kwa mkato kwamba nitafikiri, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mwenye nyumba alikuwa anatusubiri. Sasa nimefikiri. Naandika wazi, na Baba Paroko akitaka kusoma asome, maana jambo hili si lenu peke yenu. Kila jumuiya ya huku pembezoni mwa Dar es Salaam, nenda Mbezi, nenda Chanika, nenda Kivule, ina familia ambazo Jumapili alfajiri zinapita mbele ya kanisa lao zikielekea kanisa la mtaa mwingine.

Nianze na lile linalowatia hofu ili tulimalize. Hamtendi dhambi. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema amri ya kuhudhuria Misa ya Jumapili inatimizwa popote Misa inapoadhimishwa kwa ibada ya Kikatoliki, iwe siku yenyewe au jioni ya kuamkia. Aliyewaambia kwamba kusali mjini ni uasi amechanganya mafaili.

Zamani kamba ilikuwa fupi zaidi. Mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1215 ulimtaka kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka kwa padre wake mwenyewe, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukawaagiza maaskofu wawagawe waamini katika parokia zenye mipaka inayoeleweka, kila moja na paroko wake. Mnisamehe, nilifundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu hastaafu mdomo. Ninachotaka mkione ni kwamba ile mipaka haikufutwa. Kanuni ya 107 bado inasema paroko wako ni yule wa mahali unapokaa. Humchagui, kama usivyomchagua mjomba. Kwa hiyo Misa mnaweza kuifuata mnakotaka, lakini paroko mnaye tayari, mpende msipende, na watu wengi wamejikwaa hapo katikati. Mimi mmojawapo.

Tulihamia huku mwaka 1998. Kanisa letu lilikuwa turubai la bluu juu ya mirunda, na mvua ikinyesha tulisikia matone kuliko Injili. Mke wangu, mnamjua, ni mtu wa kwaya tangu usichana wake. Alisali pale Jumapili mbili, ya tatu akasema hawezi. Tukarudi kusali parokia ya mjini tulikofungia ndoa. Miaka tisa, wanangu. Mwendokasi ulikuwa bado, daraja la Ubungo lilikuwa bado. Tuliamka saa kumi usiku, watoto tukawavalisha viatu wakiwa bado wamelala, na saa nane mchana tulikuwa tunarudi nyumbani tumechoka kama watu waliotoka shamba. Jumuiya hatukwenda. Tulikuwa tunampa jirani bahasha ya mchango atupelekee, tukajihesabu tumemaliza.

Kisha binti yetu mkubwa akachumbiwa. Tukaenda kwa furaha zetu kwenye parokia ile ya mjini kuandikisha ndoa. Katibu wa parokia akauliza swali moja tu: "Mwalimu, unakaa wapi?" Nilipomtajia, akafunga daftari. Alikuwa sahihi. Kanuni ya 1115 inataka ndoa ifungwe kwenye parokia ambako mmoja wa wachumba anakaa, na ukitaka kwenda kwingine upate ruhusa ya paroko wako au ya Askofu. Na paroko wangu alikuwa nani? Nililijua jina lake kwa kulisoma kwenye bango barabarani.

Paroko naye, kama kawaida yetu Tanzania, akanirudisha kwa mwenyekiti wa jumuiya nikalete barua ya kunitambulisha. Mwenyekiti alikuwa muuza mkaa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kigoda, akafungua daftari la mahudhurio, akalipitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha akaanza upya kutoka juu. Mwisho akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, mimi nakufahamu kwa gari tu."

Barua niliipata baada ya wiki kadhaa za kuhudhuria jumuiya pamoja na binti yangu, na sikinung'unikii hicho. Kilichoniumiza nilikipata ndani ya zile wiki. Nilikuja kujua kwamba mke wa yule mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Na siku ile ya msiba mimi niliikumbuka! Niliikumbuka kwa sababu turubai la waombolezaji lilikuwa limefunga njia, nami nikakunja uso, nikapiga honi, nikapitia uchochoro mwingine. Nilikuwa natoka Misani.

Msinielewe vibaya, malalamiko yenu nayajua na mengi ni ya kweli. Misa yetu ya pili inachukua saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya huo muda si sala. Matangazo yana matangazo ndani yake. Mnada wa jogoo na mikungu ya ndizi mimi naupenda, ni sadaka ya wasio na fedha na unachangamsha, lakini uwekwe nje, baada ya baraka, anayetaka kuondoka aondoke. Kusoma majina ya wasiomaliza ahadi ya ujenzi mbele ya watoto wao, hilo nalichukia, na nimeshamwambia Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei. Mahubiri nayo yana siku ambazo, Mungu anisamehe, yanasomwa kama namba za Luku.

Kule mjini padre anahubiri dakika kumi na mbili na kila neno linakaa mahali pake. Najua, nimemsikia. Ila mapadre huhamishwa. Barua ya Askofu Mkuu ikitoka, huyo mnayemfuata atapelekwa upande mwingine wa jimbo, au masomoni, na atakayekuja mahali pake anaweza kuwa ndiye huyu wetu wa namba za Luku. Hapo Coaster itageuza uelekeo? Nimeona familia iliyomfuata padre mmoja parokia tatu. Watoto wao walipofika umri wa Kipaimara, mafundisho yao yalikuwa yametapakaa kwa makatekista watatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuwatilia saini.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Mlinionyesha kwenye simu orodha ya wanaokwenda. Niliisoma mara mbili. Wahasibu wawili. Mhandisi wa ujenzi. Nesi. Mwalimu wa Kiingereza. Na mpiga kinanda, kijana pekee katika kigango chetu chote, yaani kanisa letu hili dogo ndani ya parokia, anayeweza kusoma nota. Halafu sababu ya tatu mliyoniandikia ni kwamba "kwaya ya hapa haina mpiga kinanda mzuri." Nilicheka peke yangu mpaka bibi yenu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Wanaoweza kuondoka ni wenye gari au wenye kuchangia Coaster. Mama lishe hawezi kuondoka. Fundi cherehani hawezi. Yule bibi wa miguu mibovu anayekaa benchi la mbele hawezi. Wao ndio watakaobaki na deni la mabati, na kamati ya ujenzi isiyo na mtu wa kusoma mchoro, na matangazo marefu vilevile kwa sababu hakuna aliyebaki mwenye ubavu wa kuuliza kwa nini ni marefu. Vigae mnavyovipenda kule mjini viliwekwa na watu waliokalia matofali kwanza. Labda mniambie mnakwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale bandarini. Lile sawa, Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902 na sisi tulilikuta. Mengi ya haya mengine yamejengwa kwa bahasha.

Mtaniambia: Babu, kwani nyie hamkutembea kwenda mbali kusali? Tulitembea. Mimi ni mtoto wa milima ya Uluguru. Padre alifika kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine katekista alituongoza sala, na Noeli na Pasaka tulishuka kwa miguu hadi misheni ya Matombo, saa nne kwenda, kurudi zaidi kwa sababu ni kupanda. Lakini tulishuka kijiji kizima. Aliyezeeka alibebwa au alibaki na mtu wa kumsalia. Safari ile haikumpunguza jirani yeyote, tulifika naye.

Hizi Jumuiya Ndogo Ndogo mnazoziona kama utaratibu wa kupatia barua zilianza kwa sababu ya umbali. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliziweka mbele kuliko mambo mengine yote ya kichungaji. Mapadre walikuwa wachache na parokia kubwa mno, mtu angeweza kubatizwa na kuzikwa bila paroko kuijua sura yake. Kwa hiyo Kanisa likaletwa mlangoni, nyumba kwa nyumba, na sisi wa enzi za Mwalimu Nyerere tuliuelewa mpango huo haraka maana tulishazoea nyumba kumi za balozi. Ndiyo sababu jumuiya haiwezi kuhamishiwa mjini. Padre wa mjini mtampata madhabahuni, lakini mtoto akipandwa na degedege saa nane za usiku, anayekuja na bajaji ni mtu wa Jumamosi asubuhi. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awajue waamini wake na kuzitembelea familia zao. Huyo wa mjini atabisha hodi wapi?

Na hapa naomba viongozi wa jumuiya nao wanisikilize. Kuna wenzetu wanaotumia msiba kama fimbo: "Usiposali jumuiya utazikwa na katekista." Kwanza ni matusi kwa makatekista, waliotuzika sisi milimani miaka na miaka. Pili, mtu anayekuja kusali kwa kuogopa jeneza lake haji kwa ajili yenu wala kwa ajili ya Mungu. Mkimkuta mtu hajaonekana miezi mitatu, pelekeni kilo ya sukari kabla ya kupeleka daftari.

Wapo ambao nawaambia waziwazi waende. Nesi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili asali hukohuko mjini kabla ya kupanda gari, asijikongoje mpaka huku alale kwenye benchi. Familia yenye kijana asiyesikia, kama wamepata mahali penye mkalimani wa lugha ya alama, wasisite hata wiki moja. Na yuko mama mmoja kati yenu, anajijua, ana sababu yake ambayo aliniambia na mimi sitaisema. Aende, na asiulizwe na mtu. Ninachowaomba hawa wote ni kwamba waende kwa Baba Paroko wamwambie kwa mdomo wao, wasiondoke kama wadaiwa wa kodi, na zaka wakubaliane naye inakwenda wapi.

Wengine, hebu Coaster isubiri. Sisemi milele, nasema mpaka Pentekoste. Mpiga kinanda akae na kwaya yetu, na mimi nitachangia ukarabati wa kile kinanda, nimeshamuuliza fundi. Mhandisi aombe kuuona mchoro wa kanisa, maana nina wasiwasi na ule ukuta wa upande wa sakristia. Mhasibu mmoja akubali kuingia kamati ya fedha. Taarifa ya mapato ikibandikwa ukutani kila mwezi, majina hayatahitaji kusomwa. Mimi nitakwenda kwa Baba Paroko Jumatano kuzungumza naye kuhusu matangazo. Ananisikiliza kidogo, nilimfundisha kaka yake. Ikifika Pentekoste hakuna kilichobadilika, na mmejaribu kweli, nitapanda hiyo Coaster pamoja nanyi walau mara moja, nikamsikilize tena yule padre wa dakika kumi na mbili.

Ila hata hapo, Jumamosi mtarudi jumuiya. Hilo sitalipunguza bei.

Na kwa kuwa tumelitaja, Jumamosi hii jumuiya iko kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bibi yenu ameloweka maharage ya bagia. Viti vyangu ni sita tu, kwa hiyo kila familia ije na vyake, na mmoja wenu, tafadhali, apite kwa yule mzee muuza mkaa amshike mkono, siku hizi macho hayamsaidii na kuna mtaro mpya pale kwenye kona.

Babu yenu, mwalimu mstaafu.