Maswali ya utafiti: tuanzie jikoni

Habari za jioni, wapendwa.

Mada nyingi mlizoleta ni pana mno. "Uendelevu Tanzania" hauchunguziki kwa muhula mmoja. Napendekeza tushike nishati ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, kama gesi na umeme, ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshapigwa marufuku kutumia kuni na mkaa.

Sasa nendeni kwa mama lishe anayewauzia chakula. Maharage anayapikia nini, na kwa nini? Mkaa hununuliwa hata kwa kopo, gesi kwa kawaida hulipiwa mtungi mzima: mwenye mtaji wa siku moja anachaguaje? Aliyewahi kupewa mtungi bure, ameujaza tena? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi.

Wanafunzi wa misitu, fuateni gunia la mkaa lenyewe: limetoka kijiji gani, na aliyechoma mkaa amebaki na shilingi ngapi?

Ombeni ridhaa kwanza. Tafadhali msiwahoji saa za wateja, wako kwenye riziki.

Kila kundi lilete swali moja hapa kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.