Picha ya nyumba kwenye simu haijui mteremko wa kiwanja chako

Mwezi wa tisa alikuja ofisini kwetu, tunakochora ramani za nyumba, mama mmoja, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, simu mkononi. "Baba, nyumba yangu ndiyo hii." Vyumba vitatu, paa la kuficha, kibaraza chenye nguzo mbili. Nzuri kweli. Ramani alishainunua mtandaoni na fundi alishapiga kamba. Kilichomleta ni tofali: zile alizopigiwa hesabu zimeisha, na msingi wa upande wa chini bado haujafika usawa wa upande wa juu.

Fundi hakumwibia. Ramani ilichorwa kwa ardhi tambarare, na kiwanja chake kiko mteremkoni, kama viwanja vingi vya Mbeya hii.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9, ardhi ikishuka sentimita 15 kwa kila mita. Ule urefu wa mita 12 ukifuata mteremko, upande wa juu na wa chini vinapishana mita 1.8. Hizo ni kozi (safu) 11 za tofali la inchi 6 lililolazwa, ukiacha zile za msingi wa kawaida. Sasa igeuze, upande wa mita 9 ndio ufuate mteremko: tofauti inabaki mita 1.35. Kwa kuta za nje peke yake umeokoa tofali kama 130, na kifusi cha kujaza ndani kimeshuka kutoka mita za ujazo 97 hadi 73. Kifusi kinakuja kwa lori, na dereva hapandi kilima bure.

Kugeuza nyumba hivyo kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache, mradi isiwe michoro ya mistari mitupu. Kwenye mchoro wa kawaida ukuta ni mistari miwili, basi. Kwenye programu za modeli kama Revit au ArchiCAD ukuta ni ukuta: una urefu, unene na aina ya tofali. Tukiuingiza mteremko wa kiwanja humo na kuufunga msingi nao, ukisogeza nyumba, kimo cha msingi kinabadilika, na orodha ya vifaa inabadilika nayo. Ukiongeza dirisha leo, tofali zinapungua kwenye orodha leo leo. Na mhandisi anayetumia programu nyingine tunampa faili la IFC, aina ya faili inayosomeka na programu tofauti, analifungua kwake.

Ila modeli haijui kuwa umeidanganya. Mwaka wetu wa kwanza tulichora kwa vipimo vya hatua za miguu alivyotupa mteja, na choo kikaangukia nje ya bikoni, yale mawe ya mpaka. Tulichora upya kwa gharama zetu. Tangu siku hiyo hatuchori kabla hatujafika kiwanjani na levo, kifaa cha kupimia usawa. Fundi akija na mpira wake wa maji tunalinganisha, na mara nyingi mpira wa maji hausemi uongo.

Yule mama hatukuweza kumgeuzia nyumba, msingi ulishachimbwa. Tulichofanya ni kushusha sebule ngazi tatu. Upande wa chini ukaishia pale pale tofali zilipoishia, kozi tatu pungufu, na sebule ikapata dari ya juu ambayo sasa anaisifia kuliko nguzo zake. Paa la kuficha tulibishana sana. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, mfereji wa bati uliojificha nyuma ya ukuta ukiziba, maji yanaingia ndani. Alikubali tuupanue na kuweka mabomba mawili ya kutolea maji badala ya moja.

Nyumba ikiisha modeli tunakukabidhi. Siku bomba likivuja ukutani, unaangalia limepita wapi kabla hujampa mtu patasi.

Ukija, leta ramani ya upimaji yenye namba za bikoni, na picha yako ya simu pia, hatuikatai. Fundi wako naye aje, tuongee wote watatu kabla jembe halijagusa ardhi.