Kabla hujasema GPS yako ni feki, angalia datumu

Malalamiko ni yaleyale, yanabadilisha sura tu: “Mmeniuzia GPS mbovu, inanirusha mita mia tatu.” Ya mwezi huu yamekuja kwa ukali zaidi, maana mwenyewe aliyaandika kwenye kundi la WhatsApp la wachimbaji wa madini kabla hajatupigia simu, na wenzake wakaanza kuuliza kama vyao navyo ni feki. Basi tuyajibu mara moja, na anayetaka ayapeleke kwenye kundi hilohilo.

Kifaa kilikuwa kizima. Tulikitoa nje, tukakiweka juu ya bikoni, yaani jiwe la alama ya upimaji, ambayo mpimaji alitupa kodineti zake (namba za mahali ilipo), kikasoma ndani ya mita nne. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuichakachua makusudi ishara inayotumiwa na raia, GPS ya mkononi mahali peupe hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya miti mizito au ndani ya korongo, sema kumi na ushee. Ukiona kosa la mia tatu, tena la upande uleule leo na kesho, usiilaumu setelaiti. Chukua ile karatasi uliyonakilia namba, kisha tazama kifaa kimesetiwaje.

Ramani zetu za zamani za Tanzania za 1:50,000, ambazo bado tunazipenda kwa mito na vilima vyake, zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960. Datumu ni msingi wa vipimo unaoamua namba fulani inaangukia wapi ardhini. Datumu hiyo inatumia umbo la dunia la Clarke la mwaka 1880. GPS inatumia datumu nyingine, WGS 84. Namba zilizoandikwa kwa mfumo mmoja zikisomwa kwa mwingine zinaangukia pengine kabisa: kwa UTM (kodineti za mita badala ya digrii) unasogezwa karibu mita 300 kaskazini na kama 80 au 90 magharibi, kwa digrii umbali wa kaskazini unapungua kidogo, lakini bado ni mbali. Ndugu zetu wa Kenya wana tatizo hilohilo, kwa sababu nao ramani zao za zamani ni za Arc 1960.

Wachimbaji ndio wanaoumia zaidi. Leseni nyingi tunazoletewa dukani zina maneno “Arc 1960” kwa herufi ndogo pembeni, na hakuna anayeyasoma. Sasa piga hesabu. Leseni ya hekta 10 ikiwa ya mraba, upande wake ni mita 316. Ukikosea datumu umebakiza ukanda mwembamba tu wa eneo lako, kwingine kote uko kwa jirani. Tulimpata mteja wa upande wa Handeni aliyefungua duara, yaani shimo la kuchimbia, akalipa vijana, akanunua na matimba, ndipo jirani akaja akiwa na mwenyekiti wa kijiji na karatasi yake mkononi. Kuseti kifaa kungemgharimu shilingi elfu arobaini. Alisema ni ghali, kuna kijana atamfanyia kwa soda.

Na yule kijana alijitahidi, tusimseme vibaya. Alijua kwamba datumu inabadilishwa. Ila aliibadilisha baada ya kuingiza pointi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ndani ya kifaa kila pointi inahifadhiwa kwa WGS 84. Menyu ya datumu inabadilisha namna namba zinavyoonyeshwa na namna zinavyopokelewa, basi. Ukiingiza namba za Arc 1960 huku kifaa kiko WGS 84, pointi imeshakaa pabaya. Ukibadili datumu baadaye namba za kwenye skrini zitabadilika, pointi itabaki palepale pabaya. Anza na datumu, ingiza pointi za leseni, hakiki moja moja, halafu ndiyo urudi WGS 84 ukipenda. Kifaa kitazigeuza chenyewe. Pointi zilizoingizwa vibaya tunazifuta, hatuzirekebishi, na ndiyo maana tunakuomba uje na karatasi yenyewe. Picha ya picha iliyopigwa na simu ya shemeji haisaidii, tarakimu 3 na 8 zinafanana.

Kuna kosa lingine linalotia aibu zaidi. Mtu anaandikiwa 3.3667, yaani digrii yenye desimali. Kifaa chake kimewekwa kupokea digrii na dakika. Anaingiza digrii 3, dakika 36.67. Tofauti hapo ni kilomita 27. Tumeshaona lori la kuchimba kisima limekwenda kijiji kingine kabisa kwa ajili ya nukta moja, na dereva anaapa kwamba “GPS ndiyo ilisema.” Mwingine alisahau kugeuza herufi ya kaskazini kuwa kusini. Kwa kodineti za Arusha, kosa hilo linakupeleka mashariki mwa Ziwa Turkana, huko North Horr. Huyo angalau anashtuka mapema.

Wanaotumia UTM nao wakumbuke mstari wa digrii 36 mashariki. Ukitoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu unauvuka, unaingia kanda ya 36 kutoka ya 37, na namba za mashariki zinaruka ghafla. Kifaa hakijaharibika. Andika namba ya kanda kwenye daftari kila unapochukua pointi. Dodoma iko 36, Dar es Salaam 37, na ripoti inayochanganya hizo mbili bila kusema ni kazi bure.

Tuje kwenye ramani, maana hapa ndipo tunaitwa wezi. “Ramani ni za bure mtandaoni, mnatulipisha nini?” Kweli, zile zinazotokana na OpenStreetMap ni za bure, na hatuziuzi. Unatulipa kwa kazi. Tunachagua toleo lenye njia za miguu na mistari ya kimo kwa eneo unalokwenda, tunaliweka kwenye kadi ya kumbukumbu isiyo mbovu, iliyoformatiwa FAT32, tunazima ramani nyingine ili mbili zisifunikane, kisha tunatembea nalo hadi barabarani kuhakikisha mshale unakaa juu ya barabara. Ramani za kulipia, kama za Tracks4Africa, unazinunua kwa bei yake mwenyewe. Sisi tunaweka tu. Usituletee nakala ya kadi ya rafiki. Ramani za kulipia hufungwa kwa kifaa au kwa kadi husika, na ukinakili haifunguki.

Kadi zenyewe ni hadithi nyingine. Zile za barabarani zilizoandikwa GB 64 kwa bei ya chipsi yai, ndani huwa ndogo zaidi, na zinapojaa zinaandika juu ya vilivyokuwepo. Mwongozaji mmoja wa Meru alipoteza treki (rekodi za njia alizopita) za msimu mzima hivyo. Kadi zetu tunazijaza hadi mwisho na kuzisoma tena kabla ya kuuza, ndiyo maana ni ghali kuliko za jirani.

Wale wanaoletewa vifaa na ndugu walioko Marekani, karibuni, lakini msishangae. Vingi vinakuja na ramani za kina za Marekani Kaskazini, ambazo hapa zinakuonyesha barabara kuu mbili na ziwa. Tena kifaa kilichosafiri mbali hakijui setelaiti zipi ziko juu yake. Ratiba kamili inayotumwa na setelaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa, kwa hiyo kiwashe nje, mahali peupe, ukiache robo saa. Watu wanakiwasha chini ya bati, wanazunguka nacho sebuleni, kisha wanatupigia kusema kimekufa. Na ukinunua eTrex 10 ujue kabisa haina mahali pa kuweka kadi. Kwa pointi na treki ni kifaa kigumu na cha bei nzuri, lakini usije kutudai ramani.

Sasa viwanja. Kila wiki kuna mtu anayetaka kukodi GPS akapime mipaka ya kiwanja anachotaka kununua. Tunamkatalia, na anaondoka akidhani tunaringa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina kona nne, na kila kona inaweza kukosea mita tatu au nne upande wowote. Bikoni haitafutwi hivyo. Hiyo ni kazi ya mpimaji mwenye leseni na mashine yake ya sentimita, na gharama yake ni ndogo kuliko wakili. Shamba la ekari kumi na zaidi, hilo sawa, lizunguke na GPS upate makadirio. Utakaribia ukweli kuliko zile hatua sabini kwa sabini za kupimia ekari, ambazo hutegemea urefu wa miguu ya anayeuza. Ukitaka pointi moja iwe nzuri, tumia kipengele cha wastani: chukua sampuli nne hadi nane, ukiacha angalau dakika 90 kati ya moja na nyingine. Najua hakuna anayesubiri. Wafuga nyuki wanaofanya kazi na sisi wanasubiri, na mizinga yao wanaipata hata baada ya nyasi kuota.

Kuhusu simu: ndiyo, kwa mjini na kwa barabara za lami simu inatosha, hatutakuuzia kifaa usichokihitaji. Tofauti unaiona siku ya tatu porini chaji imeisha, wakati mwenzako ananunua betri mbili kwenye kibanda cha Loliondo. Anunue alkalini lakini, zile za redio za bei rahisi hazimalizi siku, na aseti aina ya betri kwenye menyu, la sivyo kipimo cha chaji kitamdanganya. Kifaa kikae begani juu ya begi kikitazama mbingu, kisikae mfukoni mwa suruali. Treki nyingi zenye zigizaga tunazoletewa zilitembea mfukoni.

Unapokuja, leta kifaa, kebo yake, kadi kama unayo, na karatasi halisi yenye kodineti. Kuseti, ramani moja na jaribio la bikoni ni elfu 40 kwa pamoja, na mwenye kifaa anabonyeza mwenyewe huku fundi akimwelekeza. Panga saa nzima. Jumapili tumefunga.