Chemba ni ileile kila masika, iwekeni kwenye ramani

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi nitoe la moyoni kuhusu majitaka mtaani kwetu hapa Kaloleni, Arusha.

Kuna chemba moja kwenye kona, karibu na anapokaangia mama wa maandazi. Mvua ikikaza tu mfuniko unanyanyuka, maji meusi yanabubujika na makaratasi ya chooni na mabonge ya mafuta yaliyoganda meupe kama sabuni, mama anabeba jiko lake anahamia ng'ambo, watoto wa shule wanakanyaga mawe kwa mawe wasiloane. Tunapiga simu, mafundi wanakuja baada ya siku 2 au 3, wanaingiza fito wanazibua wanaondoka. Masika ya 3 hii naandika tarehe kwenye daftari na chemba ni ileile.

Sasa jamani kitu kinachojirudia hivi si kinatabirika? Siku hizi kuna programu za ramani za kompyuta, GIS, na mojawapo inaitwa QGIS ni ya bure kabisa, unachora bomba linapopita, upana wake, lilifukiwa mwaka gani, mteremko ukoje, halafu juu yake unaweka vibanda vya chipsi maana mafuta ndo yanaziba, unaweka miti maana mizizi inapenya kwenye maungio, na kila simu ya malalamiko unaiwekea doti. Mji wetu umelala kwenye miteremko ya Meru, maji yanashuka kwa kasi kuja kusini, yakifika bomba lilipolala tambarare yanapunguza kasi na mchanga unatuama hapohapo. Sehemu kama hizo ramani inazionyesha kabla hata wingu halijatanda. Na wale majirani wanaoelekeza maji ya bati kwenye chemba wakati wa mvua, nao wanajulikana, wawekwe.

Dar walianza mradi wa Ramani Huria 2015, wanafunzi wa chuo na wakazi wakazunguka mitaani kupima mitaro na maeneo yanayofurika. Kwetu ramani bado iko kichwani kwa fundi mzee mmoja anayejua kila chemba, naye kustaafu ni karibu, akiondoka anaondoka nayo.

Naomba wahusika wakae naye hata wiki 2 wachore, halafu zile chemba zenye doti nyingi wazizibue Februari, wasisubiri Aprili. Daftari langu lipo, waje tu walichukue.

Mkazi wa Kaloleni, Arusha